Renty wa Kongo na Binti Yake Delia

   

Leo tuzungumze habari za foto. Sisemi foto za simu. Nasema foto za zamani sana, zilizopigwa mwaka 1850, huko Marekani, katika mji wa Columbia, jimbo la South Carolina. Ni foto za baba na binti yake. Baba anaitwa Renty. Binti anaitwa Delia. Na kwenye kikaratasi kilichoambatishwa na foto ya baba, karibu na jina lake, mtu ameandika mahali alikotoka: Congo.

Mmesikia vizuri. Mwaka 1850, miaka 35 kabla ya Mfalme Léopold wa Ubelgiji kupewa nchi hii kule Berlin, kuna mzee mmoja Marekani anapigwa foto, na kando ya jina lake pameandikwa Kongo. Foto hiyo imesafiri njia ndefu. Imekaa gizani zaidi ya miaka mia moja, imewekwa kwenye jalada la kitabu, imefikishwa mahakamani, na mwaka 2025 shauri lake likamalizika. Nadhani sisi wa Kindu tunastahili kulijua shauri hilo kutoka mwanzo wake mpaka mwisho.

Tuanze na chombo chenyewe. Foto ya mwaka 1850 ilikuwa inapigwaje? Njia iliyotumika sana wakati ule iliitwa dagereotipu, kwa jina la Mfaransa Louis Daguerre, ambaye ufundi wake ulitangazwa Paris mwaka 1839. Hapakuwa na filamu wala karatasi. Fundi alichukua bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha, akalisugua mpaka likang'aa, akalipitisha kwenye mvuke wa iodini ili liweze kushika mwanga. Halafu analiweka ndani ya kamera, anakuelekezea, na wewe unakaa bila kutikisika kwa sekunde kadhaa. Ukitikisa mwili, sura inaharibika. Ndiyo maana watu wa foto za zamani hawacheki. Baadaye bamba linapitishwa juu ya mvuke wa zebaki, na sura inajitokeza.

Sasa shikeni jambo hili: dagereotipu ni moja tu. Hakuna ya pili. Huwezi kuitolea nakala kama tunavyofanya leo. Ukilishika lile bamba mkononi na kuligeuza kidogo, unajiona uso wako mwenyewe kama kwenye kioo. Ukiligeuza tena unamwona yule aliyekaa mbele ya kamera. Bamba lile lile lililokuwa mbele yake ndilo uliloshika wewe.

Na familia za Marekani za wakati ule zilizipenda foto hizi sana. Mwenye uwezo alimpeleka mkewe na watoto studio. Walivaa nguo zao bora. Mama alichagua kitambaa cha shingo, baba alishika kitabu ili aonekane msomi, mtoto aliketishwa na kuambiwa atulie. Wakalipa, wakapewa foto yao ndani ya kijaluba kidogo chenye mahameli na kioo, wakaenda nayo nyumbani. Bibi akifariki, wajukuu wanarithi kile kijaluba. Hiyo ndiyo foto ya ukoo. Nani alichagua nguo? Wao. Nani alilipa? Wao. Nani alibaki nayo? Wao.

Hata watu weusi wa Marekani waliopata uhuru waliijua nguvu hiyo. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka na kuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, alipigwa foto mara nyingi mno. Watafiti wanasema hakuna Mmarekani wa karne ya 19 aliyepigwa foto kumzidi. Alikuwa anakaa wima, suti safi, macho makali. Na yule mama Sojourner Truth, naye aliyezaliwa utumwani, aliuza foto zake ndogo za karatasi kwenye mikutano ili apate pesa za kazi yake, na alijiandikishia haki ya foto hizo kwa jina lake. Mnaona? Mtu anajipangia mwenyewe jinsi dunia itakavyomwona.

Sasa turudi Columbia. Turudi kwa Renty na Delia. Wao walichagua nini?

Hawakuchagua kitu.

Palikuwa na mwalimu mkubwa wa Chuo Kikuu cha Harvard, jina lake Louis Agassiz, mzaliwa wa Uswisi, bingwa wa elimu ya samaki na ya barafu za milimani. Mtu huyu alikuwa anafundisha kwamba Mungu hakuwaumba watu wote kutoka kwa wazazi wamoja. Alisema kila taifa la watu liliumbwa peke yake, mahali pake, na kwamba Mwafrika na Mzungu si damu moja. Alitaka ushahidi wa macho. Mwezi wa Machi mwaka 1850 alikuwa South Carolina, akatembezwa kwenye mashamba ya Columbia kuangalia watumwa waliozaliwa Afrika na watoto wao. Daktari mmoja wa mji ule, Robert Gibbes, akapanga watu wachache wapelekwe kwa mpiga foto Joseph Zealy, aliyekuwa na studio ya biashara hapo mjini.

Nataka tukae hapa kidogo, tusipite haraka. Studio ya Zealy ilikuwa ya biashara. Familia za mji ndizo zilizokuwa wateja wake. Kwa hiyo ni kamera ile ile na fundi yule yule. Lakini siku hiyo walioletwa ni watumwa, na wakavuliwa nguo. Renty alipigwa kifua wazi, uso kwa uso, halafu ubavu, ili umbo la kichwa lionekane. Delia, mwanamke, nguo yake ilishushwa mpaka kiunoni. Wanaume wengine walipigwa bila nguo yoyote. Na tafadhali kumbukeni: bila kutikisika. Delia alilazimika kukaa hivyo, mbele ya wanaume wasiomhusu, akiwa hana ruhusa ya kusogea.

Najiuliza, na nawauliza ninyi mlio na mabinti: baba yake alijisikiaje? Pengine Renty alijua binti yake atapitia kile alichopitia yeye. Wala hakuwa na njia ya kukataa, kwa sababu mwili wake kwa sheria ya jimbo lile ulikuwa mali ya mtu mwingine, mwenye shamba aitwaye Benjamin Franklin Taylor. Kile kikaratasi kinaeleza hivyo: Renty, Kongo, shamba la B. F. Taylor. Na cha Delia kinasema amezaliwa pale pale nchini kwa wazazi Waafrika, binti wa Renty, Kongo.

Hapo pana jambo la ajabu. Mtu aliyeandika vikaratasi hivyo alikuwa anapanga vielelezo kama mtu wa maabara. Lakini bila kukusudia aliandika ukoo: Fulani ni binti wa fulani, na yule baba ametoka mahali fulani. Mamilioni ya watu waliokuwa watumwa hawakupata hata mstari huo. Mwaka huo huo wa 1850, serikali ya Marekani ilihesabu watu wake. Watu huru waliandikwa majina. Watumwa waliandikwa kwenye daftari la pembeni: jina la mwenye mali, halafu chini yake umri, mwanamume au mwanamke, na rangi. Jina, hapana. Leo Mmarekani mweusi akitafuta babu zake kwenye daftari zile anakuta mistari ya umri tu.

Sasa, Kongo gani? Baadhi yenu mmekwisha kujiuliza: je, huyu mzee hakutoka kwetu? Ningependa kusema ndiyo, lakini tuseme ukweli. Huko Marekani, wakati wa biashara ya watumwa, jina Kongo walipewa watu waliopakiwa kwenye meli pwani ya magharibi, tuseme Loango, Kabinda na sehemu za mdomo wa Mto Kongo. Wengine walikuwa wameletwa kutoka ndani kabisa, kwa safari za miezi, lakini njia kuu ya watu wetu wa Maniema ilielekea upande mwingine, mashariki. Basi sisemi kwamba Renty alikuwa mtu wa Maniema. Ninachosema ni kwamba maji haya yanayopita hapa Kindu, tunayoyaita Lualaba, yanakwenda Kisangani, yanakwenda Kinshasa, yanapita Matadi na Boma, yanaingia baharini karibu na pale ambapo watu wa kina Renty walipandishwa melini. Huo ni ujirani wa kutosha kunifanya nimfuatilie.

Na kwetu huku, karne hiyo hiyo, foto zilikuwaje? Twende Nyangwe, hapo juu ya mto. Mwaka 1871 msafiri Daktari Livingstone alikuwa Nyangwe. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa misafara ya watumwa wakafyatua bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki, mihogo na vyungu. Mamia walikufa, wengi kwa maji, wakijaribu kuukimbilia mto. Livingstone aliandika aliyoyaona, na maandishi yake yalipofika Uingereza yaliwasha hasira iliyosaidia kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Livingstone tuna foto zake nyingi, kuna hata foto aliyopigwa pamoja na binti yake mdogo Anna Mary, mwaka 1864. Wale mama wa soko la Nyangwe hawana foto hata moja. Sokoni siku ile hapakuwa na kamera, wala aliyeandika majina yao.

Tippu Tip je? Hamed bin Muhammad el-Murjebi, bwana wa Kasongo kwa miaka mingi, anazo foto. Alikuwa tajiri, alikuwa na cheo, na kwenye foto zinazojulikana amevaa mavazi ya heshima ya watu wa Unguja, anatazama kamera kama mtu anayejua thamani yake. Tena aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Sura yake ipo, jina lake lipo, maneno yake yapo. Maelfu waliobeba pembe zake za ndovu kutoka Maniema hadi pwani, sura zao ziko wapi?

Yuko mmoja wa njia hizo za misafara ambaye alipigwa foto. Mtoto. Aliitwa Ndugu M'hali. Msafiri Stanley alipewa mtoto huyo kama zawadi kule Tabora mwaka 1871, naye Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. Mwaka 1872 alipelekwa London, akaingizwa studio, akapigwa pamoja na Stanley, mtoto akiwa kama mtumishi wa bwana. Foto zile ziliuzwa kwa watu. Mwaka 1876 Kalulu alipita Nyangwe na msafara wa Stanley, akateremka na mto huu huu, na mwezi Machi mwaka 1877 akafa maji kwenye maporomoko ya chini, kabla ya kufika baharini. Stanley akayaita maporomoko yale kwa jina alilompa yeye. Siyo jina ambalo mtoto alikuwa nalo kwao.

Basi nirudie, kwa wale mliofungua redio sasa hivi. Foto inaweza kuwa ya mtu aliyeitaka, na inaweza kuwa ya mtu aliyechukuliwa tu. Zote mbili zinaonyesha uso. Tofauti iko kwenye maswali haya: nani aliamua nguo, nani aliandika jina, nani alibaki na foto?

Tuendelee na Renty. Foto zake zilibaki Harvard. Agassiz alifariki mwaka 1873, na nadharia yake ikaachwa na wenye elimu. Foto zikasahaulika. Mwaka 1976, mfanyakazi mmoja wa Makumbusho ya Peabody ya chuo hicho, Ellie Reichlin, akazikuta ndani ya kabati kwenye chumba cha juu cha jengo, chini ya paa. Mabamba 15. Watu saba: Renty, Delia, Jack, Drana, Alfred, Fassena na Jem. Wengi wanaziona kuwa miongoni mwa foto za kale zaidi tunazozijua za watu waliokuwa watumwa Marekani. Tangu hapo zikawa na bei. Zikahifadhiwa kwa uangalifu, mtu akitaka kuzitumia alikuwa anaomba ruhusa na kulipa. Sura ya Renty ikawekwa kwenye jalada la kitabu cha chuo. Zaidi ya miaka 126 baada ya studio ya Zealy, na bado Renty alikuwa chini ya mamlaka ya wengine.

Na huko mbali, katika jimbo la Connecticut, mama mmoja mzee alikuwa anasimulia watoto wake habari za babu wa kale. Alimwita Papa Renty. Alikuwa anasema: Papa Renty alizaliwa Afrika. Papa Renty alijifunza kusoma mwenyewe, kwa siri, kwa kitabu kidogo cha tahajia chenye jalada la buluu, na akawafundisha wenzake wakati sheria inakataza mtumwa kusoma. Alisisitiza habari hizo ziandikwe. Mama huyo alifariki mwaka 2010. Binti yake, Tamara Lanier, aliyekuwa afisa wa mahakama wa kuwasimamia watu wanaotumikia adhabu nje ya gereza, akaanza kutafuta ili atimize agizo la mama. Na jambo lilimjia kwa mlango asioutegemea: mwuza aiskrimu wa mjini kwake, mtu anayependa kufuatilia koo, ndiye aliyemwambia kwamba kuna foto ya mtu aitwaye Renty.

Fikirini, mama zangu. Unaishi na jina mdomoni mwa mama yako tangu utoto, halafu siku moja unaletewa uso wa mwenye jina. Na uso wenyewe uko bila nguo, ndani ya sanduku la chuo.

Lanier aliwaandikia Harvard mwaka 2011. Hakupata jibu la kumridhisha. Mwaka 2019 akafungua kesi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: foto hizi zilichukuliwa kwa nguvu, kutoka kwa watu wasioweza kukataa, kwa hiyo chuo hakiwezi kuwa mwenye mali halali. Zirudi kwa ukoo. Mwaka huo huo likatokea jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mengi katika kesi hii. Watu 43 wa uzao wa Louis Agassiz walitia sahihi barua moja kukiomba chuo kimpe Lanier foto zile. Ukoo wa aliyetenda ukasimama upande wa ukoo wa aliyetendewa. Wazee wetu wanaoketi kusuluhisha mashauri wanajua uzito wa hatua hiyo. Mtu anapokuja barazani kwa hiari yake akasema babu yetu alikosa, shauri linabadilika sura.

Mahakama ya kwanza ilikataa mwaka 2021. Hakimu alisema, kwa sheria, foto ni mali ya aliyeipiga, siyo ya aliyepigwa. Lanier akakata rufaa. Mwaka 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts ikakubaliana kwamba umiliki hawezi kuupata kwa njia hiyo, lakini ikasema anaweza kudai kwa uchungu aliousababishiwa na jinsi chuo kilivyompuuza alipokuja na habari za babu yake.  Mwezi Mei mwaka 2025 pande mbili zikapatana. Chuo kilikubali kuziachilia foto. Hazikwenda nyumbani kwa Lanier. Zilipangiwa kwenda kwenye Makumbusho ya Kimataifa ya Wamarekani Waafrika, mjini Charleston, South Carolina, jimbo lile lile walikoishi Renty na Delia. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 2023 kwenye bandari ya kale ambako meli za watumwa zilikuwa zinashusha watu.

Msikilizaji mmoja atauliza: je, imethibitishwa kwamba Lanier ni wa ukoo wa Renty? Ni swali la haki. Harvard mpaka mwisho ilisema haikuweza kuthibitisha nasaba hiyo. Lanier anayo masimulizi ya mama yake na makaratasi aliyokusanya. Maoni yangu ni haya. Serikali ilikataa kuandika majina ya watumwa, mabwana wakauza baba huku na mtoto kule, halafu baada ya miaka 170 mjukuu anaambiwa alete cheti. Atakitoa wapi? Mahali ambapo karatasi ilinyimwa makusudi, neno la mama kwa mtoto lazima lihesabiwe kama ushahidi, lichunguzwe kwa makini kama ushahidi mwingine, lakini lihesabiwe. Sisi wa Maniema hatuhitaji kufundishwa hilo. Mashamba yetu, ndoa zetu, mipaka ya vijiji vyetu, vimesimama juu ya neno la wazee wanaotaja nani alizaa nani.

Na hapa ndipo jambo linapofika mlangoni kwetu. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, yana hazina kubwa ya foto za Kongo za wakati wa ukoloni. Na kadi za posta za wakati ule zilizagaa Ulaya nzima: mwanamke na mtoto mgongoni, mzee na mkuki, kijana na kasia. Chini ya foto pameandikwa nini? Kabila. Mukusu. Murega. Mugenia. Mara nyingi hakuna jina la mtu. Lakini yule mwanamke alikuwa mke wa mtu na bibi wa watu, na pengine mjukuu wake ananisikiliza sasa hivi hapa Kindu, na kwao bado kuna anayeijua sura hiyo kwa pua na paji la uso.

Tumeona pia kwamba ukoo ukidai, unaweza kusikilizwa. Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alifanya kazi Kalima, hapa mkoani kwetu, aliuawa mwaka 1961 na mwili wake ukaharibiwa usipatikane. Jino lake lilibaki Ubelgiji. Mwaka 2020 binti yake Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akidai masalia ya baba yake. Mwezi Juni mwaka 2022 jino likakabidhiwa kwa familia na kurudi Kongo. Aliyeandika barua ile alikuwa binti wa marehemu, naye aliandika kwa jina la ukoo.

Kwa hiyo ningependa vijana wetu wa vyuo vya hapa Kindu, wale wa historia, waulize kwa barua: foto za Kasongo, za Nyangwe, za Kibombo, za wajenzi wa reli ya Kindu, ziko ngapi huko Tervuren, na tunaweza kupata nakala? Wala wasingoje kupewa kila kitu ndipo waanze. Nakala zikifika, zipelekwe barazani kwa wazee, kwa wazee wa misikiti ya Kasongo, kwa mama wa soko, waulizwe: huyu mnamjua? Jina likipatikana, liandikwe. Likipatikana moja katika mia, ni moja ambalo halikuwapo.

Na zile za nyumbani? Tumepita vita, tumekimbia porini, nyumba zimechomwa, foto nyingi zimepotea. Zilizobaki ziko ndani ya Biblia, ndani ya Kurani, chini ya godoro, kwenye sanduku la bati. Nyingine ni za ndoa, nyingine za babu aliyekuwa karani wa reli, amesimama na saa yake mkononi. Ukizigeuza nyuma, hakuna maandishi. Aliye hai leo anasema, ah, huyo si anajulikana. Anajulikana na nani? Na wewe. Watoto wa watoto wako hawatamjua. Hata foto za siku hizi haziaminiki. Mliona kadi zetu za kupigia kura za uchaguzi wa 2023, ambazo ndizo kitambulisho chetu, jinsi sura zilivyofutika kabla ya muda. Chukueni penseli, siyo kalamu ya wino, maana wino hupenya karatasi. Andikeni nyuma: jina, jina la baba na la mama, mahali, mwaka kama unajulikana. Kama bibi yupo, mwulizeni jioni hii, akiwa na nguvu ya kusema.

Lakini nisimalize bila kuwataja wenzake Renty. Kesi ya Lanier ilikuwa juu ya Renty na Delia. Kwenye makubaliano ya 2025, foto za wote saba zilipangiwa kwenda Charleston. Vikaratasi vyao vinasema hivi. Jack, aliyeitwa wa Guinea, alikuwa msimamizi wa kazi kwenye shamba la Taylor. Drana ni binti yake Jack, amezaliwa Marekani. Fassena, fundi seremala, Mmandingo. Alfred, Mfula. Jem, wa watu wa Gullah. Huko Charleston na kando ya pwani ile, Wagullah wapo mpaka leo, na lugha yao, na hadithi zao. Pengine katika nyumba moja huko kuna bibi anayesimulia habari za Papa Jem.

 Wenye foto za zamani za Kindu, za stesheni, za bandari, za shule, leteni hapa redioni, pamoja na mzee anayewajua watu waliomo. Tutawataja hewani kwa majina yao.